Maswali na majibu: Leza, elektroni na miale ya gama

Tangu nitaje hapa mashine za kutengeneza miale ya gama (mwanga usioonekana wenye nishati kubwa mno) kwa kugonganisha leza na elektroni, zile chembe ndogo za atomi zenye chaji ya umeme, maswali hayajakoma. Leo nayajibu manne.

Mwalimu, leza ni mwanga tu. Mwanga unageukaje kuwa miale ya gama? (Mwanafunzi, Tudor)

Unachota nishati kwa elektroni. Mwaka 1923 Arthur Compton alionyesha kwamba eksirei ikigonga elektroni iliyotulia, hupoteza nishati. Hapa mambo ni kinyume: elektroni ndiyo inayokuja mbio, karibu na kasi ya mwanga, na fotoni ya leza, yaani punje moja ya mwanga wake, inaondoka tajiri. Ni kama mpira uliorushiwa lori linalokuja kasi. Hurudi kwa mwendo mkubwa kuliko ulioendea.

Utajiri wenyewe si wa kitoto. Elektroni ya elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) milioni 500 ikikutana uso kwa uso na fotoni ya leza ya elektronivolti 1.17, fotoni hiyo inarudi na takriban milioni 4.5. Imezidishwa karibu mara milioni nne!

Mnaipangaje nguvu ya miale hiyo? (Fundi umeme, Changamwe)

Hapa ndipo penye utamu. Ukiongeza nishati ya elektroni maradufu, ya gama hupanda mara nne. Ukibadilisha rangi ya leza, nayo hubadilika. Kisha kuna pembe: miale inayotoka katikati kabisa ndiyo yenye nguvu zaidi, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo inavyopungua. Kwa elektroni zile za milioni 500, ukisimama mita 20 mbele ya mgongano, sentimita 2 tu kutoka katikati nishati imeshapungua nusu. Basi mafundi huweka ukuta wa madini ya risasi wenye tundu dogo, wakapitisha ya katikati na kuizuia iliyobaki. Wanachopata ni gama za nishati inayokaribiana, tena zenye mwelekeo wa mtetemo ule ule wa leza.

Tabu iko kwenye shabaha. Elektroni ni shabaha ndogo mno kwa mwanga, na fotoni nyingi hupita bila kugusa chochote. Ndiyo maana leza na elektroni hubanwa ziwe nyembamba kuliko unywele na kukutanishwa kwa wakati mmoja hasa.

Mashine za kukagua makontena hapa Kilindini ni hizo? (Karani wa mizigo)

Hapana. Mashine za kukagua mizigo kwa kawaida huonyesha umbo na uzito wa kilichomo, si kiini cha atomi zake. Gama iliyopangwa sawasawa inaweza kwenda mbali zaidi: yurani-235, ile inayotumika kwenye mabomu ya nyuklia, hufyonza na kutoa gama za elektronivolti milioni 1.733, kwa hiyo hujitambulisha hata ikifichwa nyuma ya chuma. Watafiti wanalifanyia kazi, lakini bandarini bado.

Si itahitaji uwanja mzima? (Mama, Likoni)

Kwa sasa, ndiyo. Mashine ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ina pete ya elektroni yenye mzunguko wa mita zaidi ya 100. Lakini mwaka 2006 watafiti wa maabara ya Berkeley, Marekani, walizifikisha elektroni kwenye elektronivolti bilioni 1 ndani ya sentimita 3.3 tu za plazima (gesi ambayo elektroni zimetengana na atomi zake), kwa kutumia leza. Mama, leza yenyewe bado inajaza chumba kizima, na bei yake usiniulize.