Fuko hufukua au hufukia?

SWALI: Nilimsikia mtangazaji wa redio akisema, "Fuko hili likimwona nyoka hufukua shimo lake haraka ili lisiliwe." Mwenzangu anadai ilipaswa kuwa "hufukia". Mimi naona yote ni kuchimba tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Fuko anayefukua shimo mbele ya nyoka anamfungulia mlango.

Kufukua ni kuondoa udongo hadi kilicho chini kionekane. Kufukia ni kuurudisha udongo, shimo likazibika. Viazi hufukuliwa, mashimo ya barabarani hufukiwa (yakibahatika). Wanasiasa nao hulaumiana kwa "kufukua makaburi", sijasikia anayelaumiwa kwa kuyafukia. Kinachoyatenganisha maneno haya ni kiishio cha kutendua, -ua, kilekile cha ziba na zibua, funga na fungua. Wala usidhani fukia ni kauli ya kutendea ya fukua. Hiyo ni fukulia: "Mfukulie bibi viazi."

Mtangazaji namwelewa kidogo, maana fuko hufanya yote mawili. Chukua mafuko wasio na manyoya, wa maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Hufukua kwa meno ya mbele, midomo imefumbwa nyuma ya meno hayo ili udongo usiingie kinywani. Wenzao huusukuma udongo nyuma, na wa mwisho huurusha nje kwa miguu. Wakati huo tundu liko wazi, na ndipo nyoka anapopata nafasi. Kazi ikiisha, tundu hufukiwa. Nyoka akiwahi kuingia, wakubwa wa kundi humkabili kwa meno, na njia huzibwa kwa udongo ili asiwafikie waliobaki ndani.

Hata hilo "likimwona" lina kasoro. Chini kule ni giza, na macho ya fuko ni madogo mno, karibu hayana kazi. Angesema "akimsikia", na Kiswahili kingembeba vizuri, kwa kuwa sisi harufu pia huisikia.

Halafu "fuko hili". Mnyama huyu ana uhai, kwa hiyo ni fuko huyu, mafuko hawa. Fuko hili ni mfuko mkubwa, na nyoka hana shida nalo.