Bendi yenu ikianza kuvuma, muwe mmeshaandikiana

Wadogo zangu wa Tanga mnaopiga magitaa, hii ni yenu. Siku hizi ukipita Ngamiani jioni unaweza kukuta vijana wanafanya mazoezi uani, solo, rithim, besi, drams za kuazima, na klipu zao zinazunguka kwenye simu mpaka mtu wa Korogwe anakutumia wewe wa Tanga klipu ya jirani yako. Inanifurahisha sana. Ila mi nimepiga besi miaka mingi hapa mjini na nimeona bendi inavyopanda fasta na kuvunjika fasta zaidi, kwahiyo naomba mnisikilize kwenye hili moja tu, makubaliano yenu yaandikeni sahivi, wakati bado hamna cha kugombania.

Mnapenda sana kutaja mfano wa Arctic Monkeys, wale vijana wa Sheffield kule Uingereza. Sawa, ni mfano mzuri, walianza 2002, wakawa wanagawa CD za demo bure kwenye shoo zao, mashabiki wakazisambaza wenyewe kwenye intaneti, watu wakawa wanaimba nyimbo zote hata kabla bendi haijasaini popote. 2005 wakasaini na Domino, lebo huru, na Januari 2006 albamu yao ya kwanza ikauza nakala zaidi ya 360,000 ndani ya wiki moja, na hiyo ni Uingereza peke yake. Hapo ndo kila mtu anaishia kusimulia. Mi naangalia kilichofuata, mwaka huohuo 2006 mpiga besi wao Andy Nicholson alishindwa kwenda ziara ya Marekani, ikasemwa amechoka na ziara, na hakurudi tena kwenye bendi. Miezi michache tu baada ya rekodi ile.

Na si lazima twende mbali. Wilson na George Kinyonga ni watu wa Tanga, walipitia bendi ya Jamhuri Jazz hapahapa, wakaenda Arusha, 1971 wakavuka Kenya na bendi yao Simba Wanyika ikawa jina kubwa. 1978 wanamuziki kadhaa wakatoka wakaanzisha Les Wanyika. Sisi mashabiki tulipata bendi mbili nzuri badala ya moja, lakini wale walikuwa wamekomaa tayari, nyie mkigawanyika kwenye wimbo wenu wa kwanza hamtapata mbili, mtapata sifuri.

Bendi niliyokuwa nayo ilivunjika kwa vitu vidogo kabisa. Mtu alirekodi wimbo wetu mmoja kwa simu kwenye harusi, ukasambaa, simu zikaanza, Muheza wanatutaka, Pangani wanatutaka, hadi Mombasa. Namba iliyojulikana ilikuwa ya mwimbaji, kwahiyo advansi zote zinaingia kwake. Hakuwa mwizi, hilo nalisema mbele ya yeyote, maana hela ya studio alikuwa anatoa mfukoni mwake na hatukuwa tunajua, ila na yeye hakuwa anasema, basi kila mtu anapiga hesabu yake kichwani. Mpiga solo naye akawa anasema ile intro ndo wimbo wenyewe, na kweli watu walikuwa wanapiga vigelegele kabla mtu hajafungua mdomo. Alipoondoka akaenda kuipiga intro ileile kwingine. Nani angemzuia, kwa karatasi gani?

Kwahiyo wimbo ukiisha tu, siku hiyohiyo kabla hamjatawanyika, andikeni nani katunga maneno, nani katunga sauti, ile pigo ya gitaa ni ya nani, na kila mmoja ana asilimia ngapi, wote mnasaini na tarehe. Mkiamua mnagawana sawa nyote poa tu, bora iandikwe. Halafu mkausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina ya wote waliotunga. Kwa sheria yetu hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, yaani mnachokiandika pale uani kinaweza kuja kuwalisha wajukuu.

Akaunti za YouTube na Audiomack, kule mnakopandisha nyimbo, zisifunguliwe kwa barua pepe ya mtu mmoja. Fungueni ya bendi, paswedi wajue angalau wawili. Hili vijana wanalidharau sana na ndo linalouma kuliko yote, mwenye akaunti akinuna chaneli nzima imeondoka.

Hesabu wekeni kwenye daftari la kawaida na lisomwe mbele ya wote. Tuseme shoo ya Muheza imelipa 600,000. Usafiri wa vyombo na watu 120,000, msosi 40,000, mfuko wa nyaya na matengenezo 40,000, inabaki 400,000, mko wanne kila mtu laki. Anayeshika namba ya kupokea simu za shoo asiwe ndo anayepokea hela.

Suala la vyombo msilikwepe pia. Zamani bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya mwenye vyombo, wanamuziki wanalipwa tu, na NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi tangu 1964. Sahivi anakuja promota anawanunulia amplifaya na drams mpya, mnashangilia, muulizeni hapohapo kama ni zawadi au mkopo au amenunua bendi, na jibu lake liwe kwenye karatasi.

Mwisho andikeni habari ya kuchoka. Wiki ikiwa na shoo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mpiga drams vidole vinapasuka na mwimbaji anakauka sauti, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Kubalianeni mnachukua shoo ngapi kwa wiki, mtu akiumwa nani anamshikia nafasi na huyo analipwa shilingi ngapi, na mwenyewe akirudi anaikuta nafasi yake.