Shilingi inayong'aa au peni sita iliyochakaa?

Ndugu uliyeuliza kama ununue shilingi inayong'aa ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza au ile peni sita yake (sarafu ya nusu shilingi) iliyofifia ambayo muuzaji anaitaka iondoke kwa bei ndogo, mimi ningechukua peni sita, kwa sababu kosa unalolikaribia nimewahi kulifanya.

Sarafu yangu ya kwanza ya zama hizo ilikuwa shilingi ya namna hiyo hiyo. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia baada ya kuilipia, niliona mikwaruzo myembamba ikipita sambamba juu ya shavu la malkia hadi kwenye herufi, dalili kwamba mtu aliisugua, na utando wa kijivu uliojengwa na karne nne haurudishwi. Kisha niliiweka kwenye mizani ya sonara ikasoma gramu 4.9, ilhali shilingi ya kabla ya 1601 ilikusudiwa iwe na takriban gramu 6.2. Kingo zilikuwa zimekatwa kwa mkasi: wezi wa wakati huo walikusanya vipande hivyo vya madini ya fedha wakaviyeyusha, ingawa sheria ilikihesabu kitendo hicho kuwa uhaini. Kwa hiyo tafuta kwanza duara la nukta linalozunguka maandishi kwa nje. Likikosekana sehemu kubwa, dai uzito kabla ya kujadili bei. Picha iliyokaa upande kidogo isikutishe, kwa kuwa sarafu nyingi za enzi hiyo zilipigwa kwa nyundo.

Shilingi za malkia huyu hazina mwaka. Peni sita zake, zilizotolewa kuanzia 1561 hadi 1602, zina mwaka juu ya ngao, na nyuma ya kichwa chake pana waridi dogo lililowekwa ili zisichanganywe na sarafu za thamani iliyo karibu nazo. Sasa tazama mwanzo wa maandishi, pande zote mbili, utaona alama ndogo. Peni sita yangu ya 1569 ina taji dogo. Za miaka iliyofuata zina ngome. Alama hiyo ilitambulisha fungu la sarafu ambalo sampuli zake zingepimwa rasmi kuthibitisha kwamba fedha yake imetimia, yaani asilimia 92.5, na ilibadilishwa mara kwa mara. Upimaji huo haukuwa jambo dogo kwa watu ambao, chini ya Henry wa Nane, baba yake Elizabeth, walishuhudia fedha ndani ya sarafu ikishushwa hadi theluthi moja. Ndiyo maana naipenda peni sita kuliko zote: anayeanza anaweza kuisoma mwenyewe, akalinganisha alama na mwaka, na visipopatana akauliza kabla ya kutoa pesa.

Mwombe muuzaji picha za pande zote mbili zilizopigwa kwa mwanga wa mchana pamoja na uzito wake. Ikikufikia, ishike kwa kingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, wala usiipake dawa yoyote ya kung'arisha.