Msisaini, Masta Zibaki Kwenu

Wiki hii kijana mmoja wa Kisumu ameniandikia. Bendi yao hupiga roki ya viwandani, ile ya magitaa yanayokwaruza na milio ya mashine, na mwenye studio mmoja yuko tayari kuwarekodia albamu nzima bure. Sharti ni kwamba masta, yaani rekodi asilia zinazotoa nakala zote, ziwe zake. Anauliza, wasaini?

Msisaini. Nasema hivi kwa uchungu.

Sisi tulipoanza hapa Nakuru, prodyuza mmoja alisikiliza wimbo wetu hadi katikati akauzima. Alitaka tutoe milio ya nyundo tuweke kwaya, halafu haki zote tumwachie, eti muziki huu hauna wenyewe hapa. Kauli hiyo inaniuma mpaka leo. Muziki huu una wenyewe, na walijisimamia tangu mwanzo: waanzilishi wake, bendi ya Throbbing Gristle, walianzisha lebo yao ya rekodi, Industrial Records, huko Uingereza mwaka 1976. Mwaka 2008 Nine Inch Nails, bendi ya Marekani ya roki hii hii, wakiwa wameachana na kampuni yao kubwa ya rekodi, walitoa albamu ya Ghosts I–IV wenyewe: nyimbo 36, tisa za kwanza bure, zote kwa dola 5, na toleo la kifahari la nakala 2,500 kwa dola 300 kila moja. Nakala hizo ziliisha zote. Nani angewaruhusu kugawa nyimbo bure kama masta zingekuwa za mtu mwingine?

Tukaamua kurekodi wenyewe. Milio ya ngoma zetu tuliipata kwa mafundi wa jua kali. Tuliwaomba ruhusa, tukasimamisha maikrofoni kando ya wanaokunja mabati, tukanasa nyundo, grainda ikikata chuma, na jenereta siku stima ilipopotea. Ukiipunguza rekodi kasi kwa nusu, sauti hushuka oktavu nzima. Nyundo ya kutengeneza masufuria ikageuka ngoma nzito inayotikisa kifua. Rekodini kwa biti 24, ule mpangilio wa ubora kwenye kifaa cha kurekodia, na mshushe kiwango cha kuingiza sauti kuliko mnavyodhani inafaa, maana nyundo hupaa ghafla na sauti iliyopasuka hairudi. Miezi ya kuchanganya sauti naipita, haina hadithi. Ila siku tuliyowapigia mafundi albamu yenyewe, mmoja aliitambua nyundo yake kabla hatujamwambia. Hakuna tuzo ningeibadilisha na siku hiyo.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu wa Kisumu, Kakamega, Eldoret, kokote mliko. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humhesabu mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kuirekodi, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kurekodi kwisha. Miaka 50! Mtakuwa na wajukuu, na mwenye studio bado anauza jasho lenu. Acheni kuwapigia magoti watu wasioupenda muziki wenu. Shikeni masta. Andikeni baina yenu nani alitunga nini, mkiwa bado mnapendana, kisha mkasajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki. Na masta, narudia, shikeni.

Huyo mwenye studio mwambieni hamtaki bure, awape bei ya saa. Kama hela hazitoshi albamu, rekodini nyimbo mbili. Mlipeni, mdai risiti, msaini karatasi inayosema rekodi ni ya bendi, na msitoke studio kabla mafaili ya kila ala hayajaingia kwenye diski yenu.