Kabla hujalipia hiyo Nikon D5300 na lenzi za AF-D: mota iko wapi?

Mkuu, usilipe. Kama hujatuma muamala, weka simu chini kwanza umalize kusoma hapa.

Kwa watakaofika baadaye: mleta mada anataka kuanza kupiga harusi na send-off. Muuzaji mmoja pale Kariakoo amempangia seti ya Nikon D5300 used, lenzi ya 80-200mm f/2.8D na 50mm f/1.8D (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa; D ni zile lenzi za otofokasi za zamani za Nikon, ndizo AF-D). Upande wa pili ana Canon 700D yenye 50mm f/1.8 STM. Anauliza achukue ipi, aongeze lenzi gani, kadi ya GB ngapi, laptop ipi ya kuhariria, na kama DSLR (kamera zenye kioo cha kupinduka ndani, kama hizi mbili) bado inalipa wakati watu wanahamia kwenye mirrorless (zisizo na kioo hicho). Wadau waliotangulia wameanza ligi yao ya Nikon na Canon, mara rangi ya ngozi, mara megapikseli. Hakuna hata mmoja aliyegusa kitu kitakachomuumiza huyu ndugu.

Hizo lenzi mbili hazitafokasi zenyewe kwenye D5300. Hazitafokasi leo, wala ukizisafisha, wala ukibadili setingi.

Bodi ya D5300 haina mota ya fokasi. Lenzi hizo za D nazo hazina mota ndani. Sasa vioo atavizungusha nani? Wewe, kwa mkono, bibi harusi akiwa anaingia ukumbini na MC ameshaita ndugu wote wasimame. Bonyeza shata nusu mpaka keki ikatwe, hakuna kitakachosogea. Ni pikipiki isiyo na cheni: injini inanguruma, tairi limetulia.

Chanzo chake ni hiki. Maunti ya Nikon F, yaani pale lenzi inaposhikia bodi, ilianza 1959 na umbo lake halijabadilika. Ndiyo sifa wanayoiimba kila siku. Lakini otofokasi ilipoingia miaka ya 1980, Nikon waliweka mota ndani ya bodi, ikawa inaizungusha lenzi kupitia kijibisibisi kinachochomoza kwenye maunti. Miaka ya 1990 wakaanza kuweka mota ndani ya lenzi, zile za AF-S. Halafu 2006 ikatoka D40, ndogo na ya bei nafuu, mota ya bodi imeondolewa. Tangu hapo familia yote ya chini imekwenda hivyo hivyo: D40, D60, D3000 mpaka D3500, D5000 mpaka D5600. Zote hizo lenzi ya zamani inaingia vizuri, inajifunga "tak!", halafu basi.

Zenye mota ni D70, D80, D90, D7000, D7100, D7200, D7500, D300, D500, D600, D610, D700, D750, D780, D800, D810 na D850. D5300 na D7100 zote ni za 2013, zote megapikseli 24. Ukizisoma kwenye tangazo unaona kama pacha, na D5300 inaonekana ya kisasa zaidi kwa sababu ina Wi-Fi na kioo cha kukunjuka. Muuzaji atakuuzia hicho kioo.

Usimwamini mtu, angalia kwa macho yako. Toa lenzi, geuza bodi uitazame mdomoni. Kwenye ule mzingo wa chuma, upande wa chini kushoto, bodi yenye mota ina kijichuma kidogo chenye ncha bapa mfano wa bisibisi, kinachomoza milimita chache, na ukibonyeza kitufe cha kutolea lenzi kinarudi ndani. Kwenye D5300 sehemu hiyo ni chuma kitupu. Sasa geuza lenzi utazame nyuma yake. Ukiona kitu kama kichwa cha skrubu chenye mfereji ndani ya mzingo, hiyo inasubiri kuzungushwa na bodi. Hesabu na vile vidoti vya dhahabu: lenzi za AF-D zisizo na mota huwa na vitano, za AF-S huwa vinane au kumi. Na mbele au ubavuni imeandikwa. "AF Nikkor" bila S haina mota. "AF-S Nikkor" inayo. Herufi moja tu, na hiyo herufi ndiyo hela yako.

Najua utasema utaijaribu dukani. Ndipo watu wanapopigwa. Lenzi ya D ina chipu, kwa hiyo kamera inaitambua, inapima mwanga, inaandika f kwenye skrini, picha inatoka na mwanga safi kabisa. Muuzaji anaipiga dukani kwenye f/5.6 au f/8, anakuonyesha kwenye skrini ya nyuma yenye ukubwa wa kiganja, nawe unaona kali. Chukua 50mm, mtu akiwa mita 3, f/5.6: sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 80 kwa jumla, mbele na nyuma yake. Hata ukikosea fokasi kwa kukadiria, uso umo. Fungua hadi f/1.8, ambayo ndiyo sababu ya kununua hiyo lenzi, unabaki na kama sentimita 26. Weka 80-200 kwenye 200mm, f/2.8, mtu yuko mita 5, unabaki na sentimita 7 hivi. Bibi harusi wetu anatembea taratibu, tuseme nusu mita kwa sekunde. Hizo sentimita 7 kazimaliza kabla hujapepesa jicho. Utapata maua makali na uso wa ukungu, na mama mzazi atakuuliza kwa upole sana hela ya picha imekwenda wapi.

Mwingine anakuja na "si una mkono, fokasi mwenyewe, wazee walifanya hivyo." Wazee walikuwa na kamera za filamu zenye kioo cha kutazamia kikubwa, chenye alama katikati ya kukusaidia kukata fokasi. D5300 ina kitundu kidogo cha kuchungulia chenye vioo vya kuakisi badala ya prizimu, na kioo chake cha fokasi kimetengenezwa kiwe cheupe, hakikuonyeshi kwa uaminifu tofauti kati ya f/1.8 na f/2.8. Jicho linakudanganya. Kuna kidoti cha kijani kinachowaka ukifika, sawa, na kwenye menyu kuna kipima umbali kinachokuonyesha uzungushe kulia au kushoto. Ila hicho kipima umbali hakifanyi kazi ukiwa kwenye M, modi ya kupanga mwanga mwenyewe. Na ukumbini na flashi unapiga kwenye nini? M. Basi.

Adapta? Hakuna adapta inayotia mota kwenye hii habari. Atakayekwambia ipo, mwambie ailete aifunge mbele yako.

Kinachonitia hasira ni ile sentensi ya wauzaji: "Nikon ni Nikon, lenzi zote zinaingia." Kuingia zinaingia! Hata mguu unaingia kwenye kiatu cha mtoto ukiukata vidole. Huyu anajua kabisa. Angekuwa hajui asingekuonyesha otofokasi kwa lenzi ya kit ya 18-55, akaizungusha "zii, zii" mbele ya macho yako, kisha akakufungia hizo mbili kwenye begi. Lenzi za D zinamkalia stoo kwa sababu wenye D7000 na D700 wameshajaza, kwa hiyo anawinda mwenye D3000 na D5000 asiyejua. Na hao wa kwenye video wanaosema "hii ndiyo lenzi ya bei poa kuliko zote kwa Nikon" wakiwa wameshika D750 bila kutaja bodi, nao nawaweka kapu hilo hilo. Somo hili nililipia, risiti ninayo, haikubaliki kokote.

Ukishalielewa hilo utaanza kuona mitego mingine ya ukoo huo huo. Tamron 17-50mm f/2.8 ya Nikon ilitoka kwanza bila mota, baadaye ikatoka yenye mota, baadaye tena yenye VC, yaani kizuia mtikisiko. Jina kwenye tangazo linabaki "Tamron 17-50 2.8". Hesabu vidoti. Tokina 11-16mm f/2.8 ya kwanza ya Nikon haina mota, ya pili inayo. Kuna na mtego wa kinyume: lenzi mpya za AF-P hazifokasi kabisa, hata kwa mkono, kwenye bodi za zamani kama D90, D3100, D3200, D5100 na D7000, kwa sababu hata ile ringi yake inaendeshwa kwa umeme. Kwa hiyo mwenye D7000 akinunua AF-P analia, mwenye D5300 akinunua AF-D analia.

Canon hawana hili tatizo, hili lazima tuwape. Walipoleta maunti ya EF 1987 waliwatupa wateja wao wote wa FD, maunti yao ya zamani, watu walitukana, lakini waliweka mota ndani ya kila lenzi ya otofokasi. Ndiyo maana 50mm f/1.8 II ya 1990 inafokasi kwenye 700D bila maneno. Ile Tamron 17-50 yenye maunti ya Canon ina mota tangu toleo la kwanza.

Usishangilie sana lakini. EF-S (lenzi za Canon za sensa ndogo) haikai kwenye 6D wala 5D, ambazo ni full frame (sensa kubwa), kwa hiyo ukinunua EF-S 17-55mm f/2.8 ujue siku ya kwenda full frame unaiuza. Lenzi za Sigma za enzi ya filamu zenye maunti ya EF zinafanya kazi zikiwa wazi kabisa tu. Ukizifunga kidogo kamera inatoa Err. Ijaribu kwenye f/8 kabla ya kulipa. Na kama utaachana na 700D uende kwa 250D, 2000D au 4000D, tazama pale flashi inapokaa. Kile kidoti kikubwa cha katikati kwenye 250D na 4000D hakipo, na 2000D nyingi hazina. Flashi na triga za bei rahisi zinazotegemea hicho kidoti hazitawaka. Kwa mpiga harusi hilo ni janga. 700D inacho.

Kuhusu mirrorless, jibu langu ni lile lile. Canon EF ukiiweka kwenye EOS R, mirrorless yao, kwa adapta yao inafokasi, kwa sababu mota iko ndani ya lenzi. Nikon AF-S kwenye Z, mirrorless ya Nikon, kwa adapta ya FTZ inafokasi. AF-D kwenye FTZ ni mkono tena. Kwa hiyo lenzi yenye mota yake unahama nayo, isiyo na mota unazikwa nayo.

Sasa ufanye nini? Kama roho inataka ile 80-200, mwambie muuzaji abadilishe bodi akupe D7100. Ina mota na nafasi mbili za kadi, picha za harusi ya watu zinaandikwa mara mbili. Ni nzito zaidi, na lenzi yenyewe ina kama kilo 1.3, haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo ukiwa 200mm usishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Kama unabaki na D5300, kataa zote mbili, chukua AF-S 35mm f/1.8G DX na AF-S 50mm f/1.8G, hela inayobaki nunua flashi. Kama hutaki kuwaza haya kila ukiona tangazo, chukua 700D yako na hiyo STM, ongeza EF 85mm f/1.8 USM baadaye. Kwenye 700D hiyo 50mm inakuwa kama 80mm, kwa picha ya familia ya watu kumi na tano ukumbini utafika ukutani na mgongo, kwa hiyo ile 18-55 ya kit usiitupe.

Ukienda kwenye D7100 na hiyo 80-200, angalia mambo haya. Ringi ya kubadilisha A na M (otofokasi na fokasi ya mkono) mara nyingi hupasuka, ni plastiki; ikipasuka inaweza kukwama kwenye M na umerudi palepale. Ringi ya f iweke kwenye namba ya mwisho, f/22, uifunge. Bila hivyo kamera inaandika fEE na haipigi, usije ukadhani imekufa. Sukuma kile kikono kidogo cha nyuma kwa ukucha, vipande vya ndani vifunguke na kurudi haraka, na visiwe na mafuta. Halafu washa tochi ya simu upande mmoja utazame upande wa pili: kwa joto la Dar lenzi iliyokaa kabatini inaota kuvu, unaonekana kama nyuzi za buibui pembeni ya kioo. Ukiuona, ondoka, hata akikupunguzia nusu.

Kadi na laptop watakujibu wengine. Wewe mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya hizo lenzi mbili, uziweke hapa, tuhesabu vidoti pamoja.