Shangazi, Binti Yangu Amekata Pazia la Lesi

SWALI: Shangazi, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Binti yangu wa pili ana miaka 18, kamaliza skuli na sasa anajifunza ushoni. Tangu mwaka jana kashikwa na mambo ya Japani. Simu yake imejaa picha za wasichana wa huko waliovaa magauni kama ya watoto, marinda juu ya marinda, mwavuli mkononi, nywele rangi ya waridi. Wiki mbili nyuma niliingia chumba cha wageni nikakuta dirisha liko tupu. Pazia langu la lesi, aliloniletea dada yangu kutoka Maskat, limekatwa na kushonwa gauni. Siku ya pili kalivaa hadi sokoni, na ushungi wake juu, watoto wanamfuata nyuma wakipiga kelele. Ami yake anasema gauni lichomwe moto na simu anyang'anywe. Mimi tangu utotoni nasikia Wajapani ni watu wa adabu, hata salamu yao ni kuinama. Sasa haya yanatoka wapi? Na nifanye nini na mwanangu? Mama wa Wete.

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naliona dirisha lile tupu.

Basi tuanze na pazia. Ni mali yako, umeletewa zawadi na dada yako, na kulikata bila ya kukuuliza ni kosa. Atalilipa, na vipi atalilipa nitakueleza mbele. Lakini kosa la pazia tusilitwishe gauni.

Haya ya Japani siyasemi kwa kusikia. Mimi na marehemu mume wangu tuliishi Tokyo kutoka 1999 hadi 2005. Yeye kazi yake ilikuwa ghalani, mimi nikipinda suruali na kubadilisha zipu kwenye duka la dobi. Tulipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane, naye akikaa chini na mjukuu wake wa kike. Mwaka 2000 ulipofunguliwa msikiti mpya wa Yoyogi-Uehara, ule waliojenga Waturuki, nikawa Jumapili naenda kuswali adhuhuri pale, kisha napanda treni vituo viwili tu, nafika Harajuku.

Penye stesheni ya Harajuku pana daraja fupi lililopita juu ya reli. Upande mmoja ni msitu, na ndani ya msitu ni hekalu la Meiji, lililojengwa 1920, mahali pa kimya, watu wananawa mikono kabla ya kusogea kuomba. Upande wa pili ni maduka ya vijana, uchochoro umejaa mpaka huoni unapokanyaga. Wasichana wa simu ya binti yako walikuwa wakisimama hapo kati, juu ya daraja. Siku ya kwanza kuwaona moyo wangu ulirudi Mnazi Mmoja siku ya Iddi. Ni zile gauni tulizoshonewa udogoni: marinda matatu, utepe kiunoni, soksi nyeupe za lesi, kijimkoba begani. Ila waliovaa si watoto wa miaka sita. Ni mabinti wa miaka 18, 20, na nyuso zao hazina mchezo.

Mtindo ule wanauita Lolita. Jina hilo lina sifa mbaya Ulaya, kwa sababu ya riwaya ya mwanamume mtu mzima aliyemtamani mtoto wa kike, lakini wasichana niliozungumza nao walichotaka ni kufanana na wanasesere wa zamani. Na mimi jicho langu ni la fundi, sikuweza kupita tu. Nilimuuliza mmoja, kwa Kijapani changu kibovu, kama gauni amenunua au kashona. Akainama kwanza, kisha akageuza upindo anionyeshe. Mdogo wangu, mshono wa ndani ulikuwa umefunikwa, huoni uzi hata mmoja unaoning'inia. Lesi kaishika kwa mkono, tundu kwa tundu. Chini kuna gagulo la matabaka, kola imefungwa hadi shingoni, mikono imefika kwenye kiganja. Aliniambia lilimchukua miezi minne, na kwamba mwenzake aliyemtangulia alimfumulisha mkono wa kushoto mara mbili kwa sababu marinda hayakulingana na ya kulia. Wao wana wakubwa na wadogo, aliyetangulia anaheshimiwa na anayefuata anasahihishwa, kama ilivyo skuli kwao na kazini kwao. Mpiga picha akitaka picha anaomba. Jua likitua wanaokota kila karatasi wanakwenda zao.

Nilipomsimulia bibi mwenye nyumba, hakushangaa. Mjukuu wake alikuwa mmoja wao, nami sikujua, kwa sababu kila Jumapili nilimwona akitoka na suruali ya kawaida akiburura sanduku la magurudumu. Gauni lilikuwa sandukuni. Alibadilisha chooni stesheni, na jioni akabadilisha tena kabla ya kurudi mtaani. Bibi alijua siku zote. Aliniambia yeye hakumkataza na mtoto hakumweleza. Lakini kila akitoka, mlangoni, msichana yule alisema "ittekimasu", yaani nakwenda na nitarudi, na bibi akajibu "itterasshai", nenda urudi. Akirudi, "tadaima", nimerudi. Nilikaa juu yao miaka ile yote na sikumbuki siku maneno hayo yalikosekana.

Sasa unauliza yanatoka wapi. Watu wengi hudhani Wajapani walikuwa na mila zao zimetulia, ghafla vijana wakaja kuzivuruga. Mwangalie mwenyewe yule anayeabudiwa katika hekalu la pembeni mwa daraja. Mfalme Meiji alikata kishungi chake cha nywele mwaka 1873 na akavaa sare ya kijeshi ya Kizungu, na wazee wa zama zake bila shaka walishika vichwa. Sare ya skuli ya wasichana wa Kijapani, ile yenye kola pana mgongoni ambayo leo ndiyo sura ya adabu yenyewe, ni nguo ya mabaharia wa Kizungu, nao waliichukua miaka ya 1920. Kitu kikivaliwa na mama na bibi kinakuwa mila. Na sisi je? Bibi zetu wakivaa kaniki na merikani, wakaja wasichana wa mjini Unguja wa mwisho wa karne ya 19 wakanunua leso za Kireno, wakaziunga sita sita, wakatoka nazo. Hiyo ndiyo asili ya kanga uliyojifunga leo asubuhi.

Halafu kuna la maisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Japani ulianguka. Mpaka hapo kijana alikuwa na ahadi: soma, tii, kampuni itakuchukua na utastaafu nayo. Ahadi ikavunjika. Waliomaliza skuli miaka ile wanaitwa kizazi cha barafu, maana milango ya kazi iliganda. Wengi walibaki na vibarua vya siku mbili tatu kwa wiki. Mtu ambaye wiki nzima hana cheo cha kuitwa nacho, Jumapili juu ya daraja alikuwa na jina, na watu walilijua.

Si vyote vilikuwa vya gauni na mwavuli. Shibuya, kituo kimoja mbele kwa treni, walikuwepo wasichana walioitwa ganguro. Wakijichoma sura mpaka iwe kahawia ya giza, nywele wanazitia dawa ziwe nyeupe, macho wanazungushia rangi nyeupe. Mimi mweusi wa Ng'ambo nikasimama kuwatazama, wakati huku kwetu Unguja, soko la Darajani, krimu za kujichubua zinauzwa kama maandazi. Wao walikuwa wanamkatalia bibi yao aliyewaambia mwanamke mzuri ni mweupe. Kabla yao walikuwepo vijana wa pikipiki, bosozoku, waliowanyima watu usingizi na kupigana mitaani. Mwaka 1982 polisi waliwahesabu zaidi ya 42,000. Hao sitakutetea.

Lakini kilichonikosesha usingizi Japani ni kitu kingine kabisa. Wao wana neno "seken". Ni macho ya watu. Ni kile tunachosema sisi, watu watasemaje. Mtoto kafeli mtihani, watu watasemaje. Kaacha kazi, watu watasemaje. Wako vijana, na siku hizi watu wazima, walioingia chumbani wakafunga mlango wasitoke tena miezi, miaka. Mama anaweka sahani mlangoni, anarudi kuichukua. Wanaitwa hikikomori, na mwaka 2023 serikali yao ilitoa makadirio kuwa wanafika milioni 1.46, wa kuanzia miaka 15 hadi 64. Mtaani kwetu ilikuwepo nyumba ya namna hiyo. Miaka sita sikuona pazia la dirisha la juu likifunguliwa.

Binti yako kakata pazia akatoka nje, mchana, sokoni, na ushungi wake kichwani, watu wamwone. Akarudi nyumbani. Tafadhali mwambie ami yake, kwa heshima zote, kwamba gauni likichomwa mtoto hatoacha kuyapenda yale mambo. Atajifunza lile sanduku la magurudumu. Atabadilisha njiani, na wewe hutojua. Mimi kaka yangu alikatiwa bugaluu lake, ile suruali pana chini, kwa mkasi njiani, miaka ile ya sabini, mbele za watu, na vijana wenzake waliojipa kazi ya kulinda maadili. Hakuacha kuvaa bugaluu. Aliacha kutusimulia anakokwenda, na mama yetu alilijutia hilo mpaka anaingia kaburini, ingawa mkasi haukuwa wake.

Nikumalizie habari ya mjukuu wa bibi. Japani wana siku ya watu wazima, zamani ilikuwa tarehe 15 Januari, tangu 2000 ni Jumatatu ya pili ya mwezi huo. Wakati wetu ilikuwa ni ya waliotimiza miaka 20. Ilipofika zamu yake, msichana wetu aliamka alfajiri kuvishwa kimono cha mikono mirefu inayokaribia kugusa ardhi, na mshipi wa hariri uliovaliwa na bibi yake. Niliitwa chini kusaidia kushika nguo. Utepe wa ndani ulipolegea, hakumsubiri mvishaji. Aliukunja na kuukaza mwenyewe kwa vidole viwili, haraka, bila ya kuangalia, namna alivyozoea kukaza utepe wa gauni lake la Jumapili. Bibi alimwona. Hakusema kitu, alinigeukia mimi tu akatikisa kichwa, macho yamejaa maji.

Basi fanya hivi. Muite binti, mwambie akuletee gauni, na uliangalie ndani, si nje. Tazama mshono. Kama kalishona vizuri, mwambie, kwa sababu ni kweli, na kama kwapani kumevuta mwambie pia. Halafu deni: mwezi kabla ya Iddi kina mama wa Wete watatafuta gauni za watoto, na zile za dukani mishono inaachia kabla ya kufika uwanja wa sikukuu wa Tibirinzi. Mwekee cherehani barazani ashone za marinda kwa ajili ya wasichana wadogo. Fedha za gauni za mwanzo ni za pazia lako. Na la kwake, mkubaliane siku na mahali: sikukuu, harusi, kwa shoga zake. Sokoni siku ya kazi hapana, na hilo hata wasichana wa darajani wangelikubali, maana wao hawakwenda kazini na mwavuli wa lesi. Wako mabinti Waislamu wa Indonesia na Malaysia wanaovaa mavazi haya na ushungi juu, wala hawakosi stara. Za nywele bandia za waridi muulizeni mwalimu wake wa chuo cha Kurani, mimi si shekhe.

Na unitumie picha ya upindo. Ya upindo, si ya sura yake.

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana wa Jang'ombe, Unguja. Naomba nafasi ya kusoma Japani. Nimechoka hapa kila mtu kukuangalia umevaa nini, nywele umekata vipi. Kule si kila mtu yuko huru?

JIBU: Mwanangu, wewe na mama wa Wete mngebadilishana barua. Unachokiona kwenye simu ni cha Jumapili. Kuna msichana wa skuli ya sekondari kule Osaka aliyefungua kesi 2017 akisema alilazimishwa kutia nywele zake rangi nyeusi, na zake za kuzaliwa nazo zilikuwa za kahawia. Mwaka 2021 mahakama iliamuru alipwe yen 330,000 kwa namna alivyotendewa, lakini ikasema kanuni yenyewe ni halali. Skuli za sekondari za serikali ya Tokyo zimeacha kanuni za namna hiyo kuanzia Aprili 2022 tu. Kuna msemo wao kwamba msumari uliojitokeza hupigwa nyundo, na nimeona kazini kwangu ukitumika.

Nenda, soma, pakupendeze. Peleka suruali moja nyeusi na shati jeupe la mikono mirefu kwa siku ya usaili. Kanzu yako na kofia ya kiua ya mkono usiviache. Ukivivaa Jumapili Harajuku watakuuliza umeshonewa wapi, na watataka kuuona upindo.