Ndege imefutwa, hela zetu je?

SWALI: Tulikata tiketi za Zanzibar, mimi, mume wangu na watoto. Tukiwa JKIA na mizigo yetu, ndege ikafutwa. Shirika linatupa vocha, na hoteli imekataa kurudisha malipo. Tufanyeje?
Mama wa Wawili, Buruburu

JIBU: Pole sana, dada. Vocha usiikubali kwanza. Safari wameifuta wenyewe, kwa hiyo dai pesa taslimu, tena kwa barua pepe, si kwa simu. Taja namba ya tiketi na uambatanishe ule ujumbe wa kufutwa kwa safari. Kama ulimlipa wakala kwa M-Pesa, mwandikie naye, maana hela nyingi hukwama kwake. Hoteli ni mkataba mwingine: omba wakubadilishie tarehe, na kama una bima ya safari, iulize.

Wakikunyamazia, peleka malalamiko KCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Pia ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Inaniuma familia zinapoziachia hela zao kwa kuogopa neno “mahakama”. Risiti zote, hata ya teksi ya kurudi Buruburu, zitunze.